Shingo ya Nomau

Kwetu mama hamwiti kifunguamimba wake kwa jina. Anambeba tumboni, anamzaa, anamnyonyesha, lakini jina lake halimtoki mdomoni, na mbele za watu hamtazami usoni. Mtoto akianguka akachubuka goti, mama anaendelea kutwanga uwele wake kana kwamba kilichoanguka ni kibuyu cha jirani. Hiyo ndiyo haya, na mwanamke asiye na haya kwetu ni chungu kilichotoboka, hakuna anayekiazima. Mimi mwanangu Lawali nilimwita kwa jina mara ya kwanza siku paa la jiko liliposhika moto naye amelala chini yake, na siku hiyo alikuwa ameshaota ndevu.

Kwa hiyo Nomau, kifunguamimba wa Lawali na mkewe Kande, alikuwa wangu. Alipoachishwa ziwa aliletwa kibandani kwangu pamoja na kimkeka chake, na tangu hapo mimi ndiye niliyekuwa wa kumsugua masikio, kumpigia kelele na kumfundisha nani ni shangazi na nani ni mtu wa kupita tu. Kande alikaa upande wa pili wa ua, karibu na ghala la uwele. Akipita kwangu huniuliza, macho yake kwa kuku, "Mama, yule amekula?" Nami namjibu, "Amekula." Basi, mazungumzo yameisha, anarudi kwake. Lakini nilikuwa nikiona kwamba bakuli la maziwa analoniletea kila asubuhi, upande mmoja amelipaka asali kidogo, na upande huo ndio anaougeuzia mkeka wa mtoto.

Mwaka ninaousimulia, Lawali alikuwa Abidjani, kama vijana wetu wote baada ya mavuno, anauza maji na kusubiri mvua imrudishe. Ilikuwa miezi ile mvua iko mbali bado, upepo unatembea na vumbi lake tangu asubuhi, midomo inapasuka, na joto linatutoa wote ndani kulala uani, mikeka imebanana kama samaki sokoni. Huo ndio msimu wa sankarau. Watu hawapendi kuutaja ugonjwa huo. Maana ya neno lenyewe ni kukakamaa, na kila familia ina mtu wake aliyekakamaa nao, au aliyepona lakini hasikii tena.

Asubuhi moja Nomau alikataa fura. Sasa, Nomau kukataa fura ni kama punda kukataa nyasi. Nilimsogezea bakuli, maziwa ya mgando mazuri, madonge ya uwele laini yenye pilipili kidogo na tangawizi kama anavyopenda, akageuza uso. Nikamshika paji la uso, nikaona moto.

"Malaria," nikasema, maana nilishawalea wengi, na malaria ni kama mgeni wa nyumbani, hata viatu vyake tunavijua.

Nikamlaza kivulini. Nikamfunika kitambaa cha maji. Akafumba macho, akakunja uso, akaniambia, "Bibi, zima jua."

Nikacheka! "Nilizime kwa kitu gani, mume wangu? Ngoja nikalitafutie kifuniko."

Hakucheka. Nikamtandikia kanga juu ya vijiti viwili ili mwanga usimpige, nikaenda kuchemsha majani yangu machungu.

Kule upande wa pili mtwangio wa Kande ulikuwa unalia du, du, du. Ukanyamaza. Akaja. "Mama, naomba chekeche." Nikampa, ingawa chekeche lake lilikuwa linaning'inia ukutani kwake, naliona. Hakwenda moja kwa moja, alizunguka nyuma ya ile kanga, kisha akaenda. Muda si muda akarudisha chekeche, kavu, halina hata punje ya unga. Akasimama. Akatazama kuku. Akaondoka tena.

Mara ya tatu alikuja amejifunga kitambaa tangu kidevuni mpaka utosini, kama maiti anayetembea.

"Mama, jino linaniuma. Kama mnakwenda zahanati, na mimi nitapanda."

"Nani amesema tunakwenda zahanati?"

"Nilidhani tu."

"Limeanza lini hilo jino?"

"Sasa hivi," akasema, na macho yakamjaa machozi.

Sikumuuliza zaidi. Mwanamke haumwi jino ghafla hivyo kati ya chekeche na chekeche. Anachotaka ni mtoto apelekwe, na kusema hawezi. Nami nikajiambia, hata kama ni malaria, dawa ya zahanati hufanya haraka kuliko majani yangu. Nikamwita Barmo.

Huyu Barmo ana mkokoteni wa punda, na ni mtani wangu. Yeye ni mtu wa Gobir, mimi wa Katsina, na tangu mababu zetu walipochoka kupigana kwa mikuki ilibaki ruhusa ya kupigana kwa maneno. Akikuta msiba kwangu ni lazima achekeshe. Nikikuta harusi kwake ni lazima niibe nyama.

"Ee mtumwa wangu wa Kikatsina," akaanza kabla hajashuka, "leo umekumbuka kwamba una bwana?"

"Bwana gani mwenye punda mmoja, tena punda mwenyewe ana akili kukuzidi? Mtoto anaumwa, Barmo. Tupeleke."

Akamtazama Nomau, akaacha mzaha, akatandika magunia matupu mkokotenini ili mtoto asiumie. Alipoona Kande na kitambaa chake akanong'ona, "Na huyu?"

"Jino."

"Aa. Jino."

Njiani nilimlaza Nomau kichwa pajani kwangu. Kila gurudumu lilipoingia shimoni alilia kidogo, sauti nyembamba, kama mlango unaofunguliwa polepole. Kande alikaa mwisho kabisa wa mkokoteni, ametupa mgongo, miguu inaning'inia. Kila alipolia mtoto nilimwona mabega yanapanda. Hakugeuka. Barmo akajaribu, "Shemeji, hilo jino lako linauma kila punda akikanyaga shimo. Sijapata kuona jino lenye masikio."

Kande akavuta kitambaa zaidi.

Zahanati ya Kwanar Gao ilikuwa imejaa mpaka nje. Muuguzi alikuwa mmoja tu siku hiyo, Saude, mwanamke mpana, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni, sauti imekauka kwa kuita watu. Mwenzake alikuwa amekwenda mjini kuleta dawa. Tulisubiri kwenye kivuli cha ukuta, kivuli kikawa kinapungua nasi tunakifuata, mpaka zamu yetu ikafika.

"Nani mama yake?" Saude akauliza.

"Mimi ndiye bibi," nikasema, na akaelewa, yeye ni mtu wa kwetu. Hakuuliza tena. Kande alikuwa nyuma yetu kwenye foleni, amegeukia ukuta.

"Homa tangu lini?"

"Leo asubuhi."

"Ametapika?"

"Hapana."

"Degedege?"

"Hapana, Mungu apishe mbali."

"Shingo je? Anaigeuza?"

"Anaigeuza. Asubuhi nilimpa fura akanigeuzia uso hivi." Nikamwonyesha.

Saude akamtoboa kidole, akadondosha damu kwenye kile kipimo chao kidogo, tukangoja, mistari miwili ikatokea. Malaria. Nikamtazama Barmo aliyekuwa mlangoni, kwa macho ya mtu aliyeshinda. Si nilisema? Saude akanipa vidonge, akanieleza asubuhi hivi na jioni hivi, tena baada ya chakula. Nikamshukuru. Nikamwinua Nomau begani, akaguna. Saude akapaza sauti, "Anayefuata!"

Anayefuata alikuwa Kande.

Akakaa kwenye kile kiti cha mgonjwa. Saude akamfungua kitambaa, akawasha tochi. "Jino lipi, dada? Fungua mdomo."

Kande akafungua mdomo. Saude akachungulia kulia, akachungulia kushoto. Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni na mtoto wangu begani na vidonge vyangu mkononi.

"Mbona meno yako mazima yote?" Saude akasema. "Linalouma liko wapi?"

Na Kande, mdomo wazi vilevile, tochi inammulika, akasema, "Shingo ya Nomau haipindi."

Alilitaja. Jina zima, mbele yangu mimi mama mkwe wake, mbele ya Barmo, mbele ya foleni nzima ya watu wa vijiji vitatu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akinyonyesha alishika kinywa.

Kisha maneno yakamtoka Kande kama uwele kwenye gunia lililochanika. "Kunapambazuka alikuja nyuma ya ghala, upande wangu, akatapika. Akafukia kwa mchanga kwa mguu, kama paka, ili bibi yake asimpe majani machungu. Akatapika tena. Nilimwona anaokota kijiti chake, hakuinamisha kichwa, alishuka mzima mzima kama mtu aliyebeba mtungi. Akanywa maji, kichwa hakukishusha kwenye kibuyu, alikiinua kibuyu mpaka mdomoni. Kugeuza anageuza, dada. Kuinama hawezi. Kidevu hakifiki kifuani. Nimemtazama asubuhi yote, hakifiki."

Alipomaliza akajifunika uso kwa kile kitambaa cha jino.

Aliyetuokoa ni Barmo. Aliinua mikono miwili pale mlangoni. "Alhamdulillahi! Jino limetoka!"

Foleni nzima ikacheka. Si kicheko cha kumcheka, ni kile cha mtu aliyekuwa amebana pumzi. Kande mwenyewe nilimsikia akicheka na kulia ndani ya kitambaa. Saude hakucheka. Alikuwa ameshasimama. "Mlete hapa. Haraka."

Akamlaza chali kitandani. Akapitisha mkono nyuma ya kichwa chake, akakiinua taratibu, ili kidevu kije kifuani. Hakikuja. Kilichokuja ni mabega, ni mgongo, vyote pamoja, kama unainua ubao kwa ncha moja. Na magoti ya Nomau yakajikunja yenyewe, akapiga ukelele ambao mpaka leo nikiukumbuka naweka chini nilichoshika.

"Sankarau," Saude akasema polepole, wala hakulitupa neno kama tunavyotupa maneno sisi tukigombana. "Malaria anayo kweli, lakini malaria imekaa mbele mlangoni ikaficha mwizi aliye ndani. Bibi, nataka kumtoa maji kidogo mgongoni, nijue ni wadudu gani, halafu nimpige sindano ya dawa kali sasa hivi."

"Mgongoni?" Nikamkumbatia mtoto. "Saude, atapooza! Mtoto wa Hure alichomwa mgongoni, hakutembea tena!"

"Mtoto wa Hure aliletwa amechelewa. Sindano ilikuta ugonjwa umeshamaliza kazi yake. Watu wakaiona sindano, ugonjwa hawakuuona."

"Ugonjwa uko kichwani, wewe unakwenda mgongoni. Ndiyo nini hiyo?"

Muuguzi mwingine angenifokea, maana watu walikuwa wanasubiri. Saude alikuwa na karanga kwenye sahani, chakula chake cha mchana pengine. Akachukua moja.

"Tazama. Gamba hili ni fuvu." Akalivunja. "Punje hii ni ubongo. Na hiki kingozi chekundu, kinachochubuka ukikisugua, huo ndio utando. Sisi tunao wa tabaka tatu, na kati ya tabaka hizo mna maji. Ugonjwa wa mtoto huyu uko kwenye kingozi, bado haujaingia kwenye punje. Kingozi kimevimba. Ukimwinamisha kichwa unavuta kitu kinachowaka moto, ndiyo maana shingo inakataa. Na utando huo hauishii kichwani, unashuka mpaka ndani ya uti wa mgongo, na maji ni yaleyale. Ukitaka kujua maji ya kisima yakoje, Bibi, unaingia kisimani? Unashusha ndoo."

Niliitazama ile karanga. Nimekula karanga tangu nina meno ya utotoni, nimezimenya magunia kwa magunia, sijawahi kufikiri juu ya kile kingozi, zaidi ya kukipuliza.

Saude alikuwa ananingoja mimi. Kwa desturi ni mimi wa kukubali au kukataa. Nikageuka, nikamwona Kande amesimama kando ya kitanda cha mtoto. Ameondoa kitambaa usoni. Alikuwa anamtazama Nomau wazi, usoni, kama mtu anayekunywa maji baada ya safari.

"Shusha ndoo," Kande akamwambia Saude.

Saude bado ananitazama mimi.

"Umemsikia mama yake," nikasema.

Tukamshika, mimi magotini, Kande mabegani, amekunjwa ubavu kama kijusi tumboni. Kande alikuwa anamwambia kitu sikioni, sikusikia ni nini na sikutaka kusikia. Sindano iliingia kiunoni, katikati ya mfupa na mfupa. Maji yale yanatakiwa yatoke angavu, Saude aliniambia baadaye, kama ya kisimani asubuhi kabla watu hawajateka. Ya Nomau yalitoka na ukungu, kama maji ya kwanza ya kuosha mchele. Saude aliinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha, akatikisa kichwa, akachoma ile dawa kali bila kungoja.

Tulikaa Kwanar Gao mpaka mwezi ukaandama upya. Sisi wa nyumbani wote, na Barmo pia, tulimezeshwa vidonge tusije tukaambukizwa. Kwanza Nomau alikuwa hajitambui, halafu akawa anajitambua kidogo na kulia, halafu analala usingizi ambao nilikuwa nauchungulia kila mara kuona kama kifua kinapanda. Kande sasa hakujificha, alikaa upande mmoja wa kitanda na mimi upande mwingine. Hatukuzungumza juu ya lile jina. Nilikuwa nikienda kuchota maji, nikirudi namkuta anampangusa shingo kwa kitambaa kilekile cha jino. Ananiona, anaacha, anaangalia ukuta. Baadaye nikaanza kukohoa kabla sijaingia, nikitoka kisimani, ili apate muda.

Mimi napenda kujua kitu kinavyoitwa, na Saude alikuwa na subira akipata nafasi. Aliniambia ugonjwa wetu kwenye vitabu vyao unaitwa menenjiti, kuvimba kwa utando, na kwamba utando una magonjwa mengine pia, kila moja na jina lake refu. Mtu akigongwa kichwa, damu inaweza kuvuja taratibu chini ya utando, na ikiwa mtu huyo ni mzee, inaweza kupita wiki kadhaa ndipo aanze kusahau watoto wake na kutembea kama mlevi. Watu wanasema ni uzee, kumbe ni damu, ikitolewa anarudi na akili zake. Na kuna uvimbe unaoota kwenye utando wenyewe, polepole, kama tikiti lililojificha chini ya majani, ambao mara nyingi si saratani. Nikamwomba anitajie hayo majina ya kitabuni. Akanitajia. Niliyafuata nyuma yake mpaka ulimi ukafunga fundo.

"Acha, Saude," Barmo akasema, alikuwa ametuletea uwele na bamia kavu kutoka nyumbani. "Ukimfundisha huyu Mkatsina majina hayo, akirudi kijijini atayapa mbuzi wake."

Nilicheka, lakini moyo wangu haukuwa hapo. Kwa sababu Saude alikuwa ameshaniambia jambo jingine, pembeni, Kande hasikii. Homa ilikuwa inashuka na shingo inalegea, mtoto ataishi, Mungu akipenda. "Lakini ugonjwa huu, Bibi, ukiondoka hupenda kubeba kitu cha kwenda nacho. Mara nyingi ni masikio."

Nikamwambia Kande, maana kumficha sasa kungekuwa kumdharau. Hakulia. Aliuliza tu, "Tutajuaje?"

Hapo ndipo penye tabu. Nomau alifungua macho, alitutazama, alikunywa uji, lakini hakusema neno. Ukimwita hageuki, pengine hasikii, pengine hana nguvu, pengine amekasirika kwa kuchomwa, maana ni mtoto wa kukasirika. Saude alipiga makofi nyuma ya kichwa chake. Macho yake hayakutikisika. Nikagonga sufuria. Hakuna. Kande akatoka nje, akarudi macho mekundu. Nikawaza juu ya mtoto asiyesikia, na ng'ombe, na barabara, na kucheza, na nani atamwoza binti yake. Nikawaza mbali sana, kama wanavyowaza wazee.

Alasiri moja tulikuwa tumemgeuza alale ubavu, uso ukutani, ili mgongo upate upepo. Barmo akaingia, akaketi mlangoni, akatazama nyuso zetu, akaona hazifai. Basi akaanza, hakumsemesha mtoto, alinisemesha mimi.

"Leo nimekuja kwa miguu, Mkatsina."

"Punda wako yuko wapi?"

"Amekataa. Nimemwambia twende tukawachukue watu wa Kwanar Gao, akaniuliza, na yule bikizee yumo? Nikasema yumo. Akalala chini. Anasema siku ile alipokubeba, punda wenzake walimcheka sokoni. Walimwambia, wewe unabeba kuni, unabeba samadi, lakini sasa umejishusha mno."

"Punda wako amejifunza uongo kwako."

"Akaniambia nikuvalishe wewe hatamu, yeye apande juu."

Nikamwona Nomau mabega yanatikisika. Yanatikisika haraka haraka, na mgongo pia. "Degedege! Kande, degedege!" Kande akamrukia, akamgeuza kwetu.

Alikuwa anacheka. Bila sauti, mapengo yake mawili ya mbele wazi, machozi yanamtoka, anacheka kama mtu aliyekatazwa kucheka msikitini.

"Tena, Barmo," akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka kama jani. "Punda akasemaje tena?"

Barmo, mtu ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, alijifuta uso kwa kilemba na kusema punda hakusema kitu kingine.

Saude alikuja akampima vizuri, kwa mnong'ono, sikio moja moja. La kulia linasikia hata sisimizi. La kushoto halisikii, na halijasikia mpaka leo. Nilimwona Kande anapiga hesabu usoni, kilichochukuliwa na kilichoachwa, kisha akamwinamia mtoto upande wa kulia, mbele yetu sote, akamuuliza kama anataka fura. Nomau akasema anataka, lakini si ya hapa, ya nyumbani.

Tuliporudi, maneno yalikuwa yametutangulia. Kisimani waliyasema mbele yangu kwa makusudi, kwamba siku hizi wako wanawake wanaotangaza vifunguamimba wao zahanati kama muuza kitambaa. Niliteka maji yangu taratibu, ndoo ya kwanza, ndoo ya pili, nikajitwisha. Kisha nikawaambia, "Mama mkwe wa Kande ni mimi. Haya yake ikipungua nitawaletea habari mwenyewe, msijisumbue." Baadhi yao walicheka.

Watu wa chanjo walipokuja, Kande ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwatoa watoto chini ya vitanda. Na msimu wa vumbi uliofuata, Rakkiya, bibi arusi wa nyumba ya tatu, ambaye hamtazami hata kivuli kifunguamimba wake, alichomoza kichwa juu ya uzio wa mabua akaita, "Kande! Njoo. Kuna shingo huku nataka uitazame."

"Shingo ya nani?" nikamuuliza, kwa uchokozi tu.

"Ya huyo... huyo aliye huku, Mama," akasema, na uso ukamwiva.

Kande akaenda, akamlaza yule mtoto pajani, akampinda kidevu mpaka kifuani, laini kama mkate. Ilikuwa mafua. Hata hivyo akamwambia Rakkiya ampeleke kwa Saude, akapimwe.

Nomau sasa ana mwili, anachunga mbuzi, na lile sikio lake la kushoto amelifanya mali. Ukimtuma maji, anakugeuzia hilo. Ukimwambia akaoge, hilo. Juzi mama yake alikuwa anamwita kutoka kwenye ghala, na kwa kuwa Lawali alikuwepo, na wageni wake, alimwita "wewe", "wewe hapo", na Nomau anachonga kijiti chake, sikio la kushoto limeelekea ghalani, uso umetulia kama wa shehe. Kande akaweka mtwangio chini. Akajifunga kanga vizuri, akapita mbele ya wageni wote bila kumtazama mtu, akazunguka mti wa kufungia mbuzi, akaenda kusimama upande wa kulia.